Dahalia na Nyumba ya Shangazi: Ushuhuda wa Wazazi juu ya Skuli za Kutwa na Bweni Unguja

Katika Unguja ya leo, na zaidi katika Mji Mkongwe na mitaa inayouzunguka, si rahisi kupata familia mbili zinazoafikiana juu ya skuli moja ya binafsi, hata pale watoto wao wanapokaa dawati moja, wanapofundishwa na mwalimu mmoja na wanapopata alama zinazokaribiana. Mzazi mmoja ataisifu skuli kwa kuwa imemtengeneza mwanawe, mwengine ataishutumu kwa kuwa imemharibu, na wa tatu, ambaye huenda ndiye mkweli zaidi, atasema yote mawili katika kikao kimoja bila ya kuhisi kuwa amejipinga. Mhadhara huu unashikilia kuwa tofauti hiyo haielezwi vya kutosha na ubora wa walimu wala na udhaifu wa uongozi, ingawa yote hayo yapo, bali inatokana zaidi na kuwa kila familia hununua kitu chake kwa ada ileile, na kuwa kilicho ghali kuliko vyote, nacho hakiandikwi katika risiti, ni sehemu ya malezi ya mtoto. Hakuna skuli inayoendeshwa hivi sasa itakayotajwa kwa jina, kwani mji ni mdogo, na neno lililosemwa Kiponda asubuhi huwa limeshafika Kikwajuni kabla ya adhuhuri.

Istilahi chache zinahitaji kuwekwa wazi mapema. Neno "skuli", ambalo Tanzania Bara husemwa "shule", ndilo linalotumika Zanzibar kwa taasisi ya masomo ya kisasa, ilhali "chuo", katika mazungumzo ya nyumbani, ni mahali mtoto anaposomeshwa Kurani, pahala ambapo siku hizi pia huitwa madrasa. Skuli ya kutwa ni ile ambayo mwanafunzi huenda asubuhi na kurudi kwao siku hiyohiyo. Mahali wanapolala wanafunzi wanaobaki skuli huitwa bweni, lakini Unguja na Pemba lipo neno jengine linalopendwa zaidi, nalo ni "dahalia", lililotoka katika Kiarabu na kubeba maana ya kuwa ndani. Hapana budi kuizingatia tofauti ya maneno hayo, kwa sababu bweni katika Kiswahili cha zamani ni nyumba wanayolala vijana wasiooa, yaani ni pahala pa kulala tu, ambapo dahalia inamtia mtoto ndani ya mipaka yenye mlango, kengele na msimamizi. Mzazi anaposema "nimemtia dahalia", kitenzi alichokichagua kinajulisha kuwa kuna kitu kilichofungwa nyuma ya mtoto, na hisia hiyo haimo katika kauli ya "anasoma skuli fulani".

Historia ya kumlaza mtoto skuli katika kisiwa hiki ilianza na watoto wasiokuwa na jamaa. Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, inayojulikana kwa herufi zake za UMCA, ilihamia Zanzibar mwaka 1864 chini ya Askofu William Tozer, na wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa na kukabidhiwa misheni na Sultani Majid. Kutokana na mbegu hiyo ilikua skuli ya wavulana ya Kiungani, na katika shamba la Mbweni, lililonunuliwa mwaka 1871, kikajengwa kijiji cha waliokombolewa pamoja na skuli ya wasichana, ambayo kuanzia mwaka 1877 iliongozwa na Caroline Thackeray, mwanamke aliyebaki Unguja mpaka alipofariki mwaka 1926. Magofu ya skuli hiyo bado yamesimama karibu na pwani ya Mbweni, na anayeyatazama huona vyumba, nguzo na kanisa dogo, akafahamu mara moja kuwa lile halikuwa jengo la kusomeshea peke yake, bali ni nyumba iliyochukua nafasi ya ukoo mzima. Huko Kiungani, A. C. Madan, mtaalamu wa kamusi za Kiswahili, alikusanya habari za maisha zilizosimuliwa na wavulana wenyewe, zikachapishwa mwaka 1887. Wasimulizi hao wanaeleza namna walivyotengwa na jamaa zao kabla ya kueleza walivyofika darasani.

Jambo hilo lina uzito katika hoja hii. Kwa muda mrefu, mbele ya macho ya mwenyeji wa Unguja, mtoto aliyelala skuli alikuwa ni mtoto ambaye hana pa kulala kwengine, na aliyekuwa na mama, bibi, shangazi na ami hakuwa na sababu ya kupelekwa huko. Hata katika majumba ya wakubwa masomo yalifanyika ndani ya nyumba. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliyezaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni na ambaye baadaye alijulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 kuwa watoto wa kasri walisomeshwa pamoja Kurani na mwalimu wa kike, na kuwa yeye alijifunza kuandika kwa siri, akitumia mfupa wa bega la ngamia badala ya kibao na kunakili herufi kutoka msahafuni. Aliyaandika hayo akiwa amekwisha kulea watoto Ulaya, na alipozilinganisha skuli za Ujerumani na masomo ya kwao hakukubali kuwa Ulaya imeshinda kwa kila jambo, kwani aliona kuwa watoto wa huko walilemezwa vichwa huku tabia zikiachwa nyuma. Huenda huyo ndiye mzazi wa kwanza wa Kizanzibari aliyeacha maandishi ya kulalamikia skuli, na malalamiko yake, ukiyavua nguo za karne ya 19, hayana tofauti kubwa na yanayosikika leo barazani.

Serikali ya himaya, yaani utawala wa Waingereza uliofanya kazi chini ya jina la Sultani, ilipofungua skuli zake mwanzoni mwa karne ya 20 ilikutana na wazazi wagumu. Skuli zilikuwa bure au za gharama ndogo, lakini wazazi wengi wa mashamba hawakuona sababu ya kumtoa mtoto chuoni na kumpeleka kwa mwalimu asiyesomesha dini, na hatimaye serikali ikalazimika kuingiza Kurani na masomo ya dini katika ratiba na kuwaajiri walimu wa vyuoni ili madarasa yajae. Kwa hiyo fikra ya kuwa mzazi wa Unguja huikubali skuli kwa masharti, na kuwa sharti la mwanzo ni malezi, si jambo lililoletwa na skuli za binafsi. Skuli hizo zimelirithi.

Kabla ya dahalia za kulipia kulikuwa na nyumba ya jamaa. Skuli za juu zilikuwa chache na nyingi zilikuwa mjini, kwa mfano ile skuli ya sekondari ya serikali iliyoitwa King George VI na ambayo leo ni Lumumba, hivyo mtoto wa Makunduchi, wa Nungwi au wa Pemba aliyefaulu alipaswa kutafutiwa mahali pa kukaa, na mahali hapo palikuwa ni kwa shangazi aliyeolewa Ng'ambo, kwa mjomba mwenye chumba Malindi, au kwa bibi ambaye watoto wake walikwisha kuondoka. Mtoto huyo hakulipa kodi, lakini hakukaa bure: alichota maji, alitumwa dukani, alibeba mtoto mchanga, aliamshwa kabla ya wengine, na daftari lake alilifungua baada ya vyombo kuoshwa. Wazee wengi walioshika nafasi kubwa serikalini na katika ualimu walipitia mlango huo, na wanapousimulia huchanganya shukurani na uchungu kwa namna ambayo msikilizaji hashindwi kuitambua. Shangazi alikuwa na haki ya kumpiga mtoto na pia wajibu wa kumuuguza, na akikosea, kulikuwa na baraza la ukoo la kumsemesha, hata kama maneno yenyewe yalisubiri mpaka harusi au matanga yawakutanishe watu.

Nyumba hiyo ya shangazi ndiyo kipimo ambacho familia nyingi, bila ya kukitaja, hulipimia bweni la leo. Makosa ya uchambuzi mwingi wa elimu ni kulinganisha bweni na nyumba ya wazazi wawili waliopo, wenye meza ya kusomea na taa ya kutosha, ilhali kwa familia za Unguja mashindano ya kweli mara nyingi ni kati ya bweni na chumba cha jamaa, au kati ya bweni na mama aliye peke yake ambaye anarudi kutoka kazini hotelini saa nne za usiku. Mzazi anayelinganisha na nyumba ya shangazi huiona dahalia kuwa ni ukombozi, kwa sababu mtoto hatumwi, ana saa maalumu za kujisomea na hana deni la fadhila la kulipa maishani. Anayelinganisha na nyumba yake mwenyewe iliyotulia, yenye bibi anayengoja mlangoni, huiona dahalia hiyohiyo kuwa ni ubaridi. Skuli haijabadilika baina ya wazazi hao wawili.

Mapinduzi ya Januari 1964 yalibadilisha uwanja wote. Tarehe 23 Septemba 1964 Rais Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo, siku ambayo bado huadhimishwa kila mwaka, na skuli zilizokuwa za jumuiya na za misheni, zikiwemo zile za jamii za Kihindi zilizokuwa na mizizi mirefu katika Mji Mkongwe, zikaingia mikononi mwa serikali. Ikumbukwe kuwa Zanzibar ni miongoni mwa mahali pa mwanzo kabisa palipofunguliwa skuli ya Aga Khan, mwaka 1905. Kwa karibu miongo mitatu neno "ada" lilitoweka katika mazungumzo ya mzazi. Lilirejea katika miaka ya 1990, baada ya biashara kufunguliwa, bei ya karafuu kuanguka na serikali kukubali kuwa peke yake haitaweza kubeba idadi ya watoto iliyokuwa ikiongezeka, na tangu hapo skuli za binafsi zimeota kuanzia Mazizini na mtaa wa Mombasa wa hapahapa Unguja mpaka Tomondo na Fuoni, nyingine zikiwa za watu binafsi, nyingine za jumuiya za Kiislamu na nyingine za makanisa. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, kutoka 1,303,569 wa mwaka 2012, na tarakimu hizo mbili zinaeleza msongamano wa madarasa vizuri kuliko hotuba yoyote.

Kitu cha kwanza kinachonunuliwa ni Kiingereza, na hapa kuna kinyume ambacho Wazanzibari wenyewe hukitazama kwa kicheko kidogo. Kiunguja, lahaja ya mji huu, ndicho kilichochaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu cha Afrika Mashariki nzima, na wajukuu wa wasemaji wa lahaja hiyo sasa hulipiwa fedha ili wasiiseme kuanzia saa moja na nusu asubuhi. Sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliongeza kasi, kwa kuwa iliagiza hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na mzazi akafanya hesabu yake: ikiwa lugha itageuka katikati ya njia, afadhali mtoto aianze mwanzo. Hesabu hiyo si ya kijinga. Ila matunda yake hutofautiana kwa jambo ambalo skuli haina uwezo nalo, kwani mtoto ambaye nyumbani ana kaka au baba wa kuzungumza naye Kiingereza hupanda haraka, na yule ambaye hana hujifunza kwanza kunyamaza, akakaa darasani miaka miwili akinakili ubao kwa mwandiko mzuri huku maana ikimpita. Ripoti yake huja na alama za wastani na maneno ya kumsifu kuwa ni mtulivu. Mama yake hufurahi kwa utulivu huo, na ni mpaka mtihani wa taifa ndipo hujulikana kuwa utulivu ule ulikuwa ni wa mtu asiyefahamu.

Mitihani nayo ina ngazi zake, na mzazi asiyezijua huweza kudanganyika na ubao wa matangazo wa skuli. Kidato cha pili hutahiniwa na Baraza la Mitihani la Zanzibar, ambapo kidato cha nne na cha sita hutahiniwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, na skuli ya binafsi inayotaka jina hutegemea zaidi matokeo ya hilo la pili kwa kuwa ndiyo yanayosomwa nchi nzima. Kutokana na shinikizo hilo imezuka desturi ya "kambi", yaani kipindi cha wiki au miezi kabla ya mtihani ambapo hata wanafunzi wa kutwa hulala skuli ili wasome usiku, desturi ambayo imeenea hata katika skuli za serikali. Kambi imezipatia familia za kutwa onjo la dahalia bila ya kulipia mwaka mzima, na ni huko ambako wazazi wengi huamua, kwa upande huu au ule, kama mtoto wao ni wa kulala nje au si wa kulala nje.

Ila jambo linaloamua zaidi kuliko lugha na kuliko mtihani, na ambalo watu wa takwimu hulipita kwa haraka, ni saa za alasiri. Mtoto wa Unguja, kwa desturi, ana skuli mbili. Katika skuli za serikali za mjini, ambazo kwa uhaba wa vyumba zimeendeshwa kwa mikondo miwili, mmoja wa asubuhi na mmoja wa mchana, anayesoma asubuhi huenda chuoni alasiri na anayesoma mchana huenda chuoni asubuhi, kwa hiyo msongamano wenyewe, ambao kwa jicho la kitaaluma ni kasoro, uliachia nafasi ya Kurani bila ya mtu kupanga. Skuli ya binafsi ya kutwa, ambayo humshika mtoto mpaka saa tisa au saa kumi, ikaongeza masomo ya ziada na kisha kumpakia katika gari linalozunguka mitaa minane kabla ya kufika kwao, imekula saa hizo. Mtoto hushushwa Darajani akiwa amechoka, kwa sababu gari haliingii katika vichochoro vya Mji Mkongwe, humalizia njia kwa miguu akiburura mkoba mpaka Mkunazini au Shangani, hubadilisha sare, hutia kofia au ushungi, na anapofika chuoni wenzake wamekwisha kusomeana na mwalimu anafunga milango. Bibi huliona jambo hilo kila siku, na ijapokuwa halipi ada, neno lake ndani ya nyumba lina nguvu.

Skuli nyingi za Kiislamu zimelijibu tatizo hilo kwa kukiingiza chuo ndani ya skuli: Kurani husomeshwa katika ratiba, sala ya adhuhuri husaliwa kwa jamaa, na katika baadhi ya dahalia watoto huamshwa alfajiri, wakasali, wakahifadhi juzuu kabla ya chai. Hapa dahalia hugeuka kutoka kasoro na kuwa fadhila, na mzazi aliyekuwa na wasiwasi wa kumtoa mtoto nyumbani hupata hoja ya kumridhisha bibi. Mbinu ileile iliyotumiwa na serikali ya himaya kuwavuta wazazi wa mashamba imerudi, safari hii ikiwa na bei. Fikra hiyo imethibitika hata kwa watoto wadogo kabisa, kwani mpango wa skuli za awali za madrasa, ulioanzia Mombasa mwaka 1986 kwa juhudi za Bi Swafiya Said na kufika Zanzibar mwaka 1990, ulifanikiwa kwa kukubali kuwa mzazi wa pwani hatenganishi herufi za Kilatini na za Kiarabu katika hesabu yake ya mtoto aliyesoma. Hata hivyo wapo wazazi wanaolalamika kuwa chuo cha ndani ya skuli si chuo, kwa kuwa mwalimu wake ni mwajiriwa anayehama na hamjui babu wa mtoto, ambapo mwalimu wa mtaani alimsomesha baba mtu na anaweza kumkemea mtoto hata akimkuta Forodhani jioni anazurura.

Tofauti baina ya familia za kutwa na za dahalia ndani ya skuli moja inahitaji kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa zote hulipa kwa mhasibu mmoja na bado hazizungumzii kitu kimoja. Mzazi wa kutwa ana ushahidi wa kila siku: anaona daftari lisilosahihishwa, anaona kiatu kilichopotea, anasikia jina la mwalimu mpya kabla ya skuli kulitangaza, na malalamiko yake huwa mengi, madogo na sahihi. Mzazi wa dahalia hana ila ripoti, siku ya kutembelea na simu. Simu hiyo aghalabu ni ya matroni, yaani mama msimamizi wa wasichana, au ya patroni kwa wavulana, nayo hutolewa siku ya mwisho wa wiki, watoto wakiwa wamepanga mstari ukutani, kila mmoja akipewa dakika chache. Mama huuliza kama anakula, naye hujibu kuwa anakula; huuliza kama anaumwa, naye hujibu haumwi; huuliza kama mafuta yamekwisha, na hapo, kwa kuwa mafuta ni jambo ambalo msimamizi aliyesimama hatua moja hawezi kulichukia, mtoto hufunguka kwa maneno mengi, akataja mafuta, sabuni, kandambili na ndoo iliyopasuka. Mama mwenye sikio husikiliza sauti inavyotaja ndoo. Asiyekuwa na sikio hununua ndoo nyingine.

Kwa sababu hiyo sifa na lawama za wazazi wa dahalia huwa kubwa na za ghafla. Likizo ikifika mtoto hurudi akitandika kitanda bila ya kuambiwa, akiamka alfajiri peke yake na kuwasalimu wakubwa kwa adabu, na nyumba nzima huiombea dua skuli. Au hurudi amekonda, ana upele, anaficha chakula chini ya mto na hushtuka mlango unapofunguliwa, na nyumba nzima huilaani. Aghalabu hurudi na vyote, adabu pamoja na upele, na ni hali hii ya tatu, iliyo ya kawaida kuliko nyingine, isiyokuwa na msemaji, kwa kuwa haifai kutangazwa wala kulalamikiwa.

Ada huongeza kipimo chengine. Skuli ina kalenda ya mihula, ilhali kipato cha Unguja kina kalenda ya misimu: hoteli hujaa Julai na Agosti na tena mwisho wa mwaka, hukauka wakati wa masika, na mama anayelima mwani Paje au Jambiani, zao lililoanza kulimwa kibiashara mwishoni mwa miaka ya 1980, hupata kulingana na maji, jua na bei ya mnunuzi. Awamu ya ada inayoangukia Aprili hugonga mlango usiokuwa na kitu. Skuli nayo ina walimu wa kulipa mwezi huohuo, na haitendewi haki inapotazamwa kana kwamba ina ghala. Lakini namna inavyodai ndiyo inayobaki katika kumbukumbu. Kumwita mzazi kwa faragha na kumpangia tarehe ni jambo moja, na kumtoa mtoto darasani mbele ya wenzake ni jambo jengine kabisa. Mahali ambapo mambo ya fedha ya mtu husitiriwa hata na jirani anayeyajua, aibu hiyo husimuliwa kwa miaka mingi baada ya deni kulipwa. Katika familia nyingi anayelipa yuko mbali, Maskati, Dubai au London, na malipo yake humpa kura: ami ambaye hajamwona mtoto kwa miaka sita huweza kuamua abaki au ahamishwe kwa kutazama picha ya ripoti aliyotumiwa katika simu, huku mama, aliyesikia ile habari ya ndoo, akitafuta maneno ya kumueleza.

Usalama umeingia katika mazungumzo ya wazazi kwa nguvu mpya. Moto wa bweni la Idodi, Iringa, mwaka 2009, uliua wasichana 12. Ule wa Byamungu, Kyerwa, Septemba 2020, uliua watoto 10. Na Septemba 2024 wavulana 21 walikufa Nyeri, Kenya, katika bweni la Hillside Endarasha, skuli ya msingi ya binafsi yenye wanafunzi wa kutwa na wa kulala. Wazazi wa Unguja waliozisikia habari hizo walianza kuuliza mambo ambayo zamani hayakuulizwa: milango mingapi, nondo za madirishani, nani analala na watoto, ufunguo uko kwa nani. Tanzania Bara, waraka wa Kamishna wa Elimu wa mwaka 2023 ulipiga marufuku kuwalaza bweni watoto wa awali mpaka darasa la nne kuanzia tarehe 1 Machi, kwa hoja kuwa umri huo ni wa kulelewa na familia. Kwa kuwa elimu ya maandalizi, ya msingi na ya sekondari Zanzibar husimamiwa na Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali ya hapa na si jambo la Muungano, waraka ule haukuvuka bahari kwa nguvu ya sheria, lakini hoja yake ilivuka, na ni hoja inayostahiki kuungwa mkono: mtoto wa miaka saba ambaye bado hawezi kueleza kinachomuuma hapaswi kutegemea dakika chache za simu.

Kwa watoto wakubwa hali ni ngumu zaidi kuamuliwa kwa kanuni moja, na labda njia iliyo karibu zaidi ni kuzitazama karatasi ambazo skuli zenyewe huzitoa. Orodha ya mahitaji anayopewa mzazi wa dahalia hujaza ukurasa mzima: godoro, mashuka jozi mbili, chandarua, sanduku la bati lenye kufuli, ndoo, msahafu au kitabu cha ibada, sare, kanzu au baibui, dawa ya viatu, sahani na kikombe. Fomu inayoambatana nayo huwa fupi. Chini yake pana mstari mmoja ulioandikwa "jina la mzazi au mlezi" na mwengine wa namba ya simu, na anayezipekua fomu zilizojazwa huona namna familia zinavyohangaika na mstari huo, kwani jina huwa ni la baba, saini ni ya mama, namba iliyoandikwa mwanzo huanza na msimbo wa simu wa Omani, na pembeni, kwa kalamu nyingine na mwandiko uliobanwa, imeongezwa namba ya shangazi wa Mwembetanga, pamoja na maneno kuwa huyo apigiwe usiku.